Je, Wajua? Kilimanjaro Iliyopulizwa Liverpool

Je, wajua kwamba mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ni pia jina la albamu ya kwanza ya bendi ya Liverpool, Uingereza? Bendi iliitwa The Teardrop Explodes. Albamu, Kilimanjaro, ilitoka Oktoba 1980 chini ya lebo ya Mercury, ikiwa na nyimbo kumi na moja. Vijana hawa walikuwa wametokea kwenye vilabu vya punk, ambako gitaa ndilo lililokuwa mwenye nyumba. Wao wakakaribisha tarumbeta. Uamuzi huo mmoja ndio ulioitoa bendi klabuni na kuifikisha redioni, na ndio unaonifanya niisikilize albamu hii mpaka leo.

Je, wajua jina la bendi lilitoka wapi? Kwenye kitabu cha katuni. Ni Daredevil ya kampuni ya Marvel, toleo la 77 la mwaka 1971, ambamo maneno hayo yameandikwa juu ya picha kwa herufi kubwa. Julian Cope, mwimbaji na mpiga gitaa la besi, akayachukua yalivyo.

Cope mwenyewe si mzaliwa wa Liverpool. Alizaliwa Wales tarehe 21 Oktoba 1957, akalelewa Tamworth katikati ya Uingereza, na Liverpool alifika kusomea ualimu.

Je, wajua kwamba kabla ya The Teardrop Explodes alikuwa na kundi lisilowahi kupanda jukwaani? Mwaka 1977 vijana watatu waliunda The Crucial Three: Cope, Ian McCulloch na Pete Wylie. Walifanya mazoezi wiki chache tu wakatawanyika. Lakini kila mmoja wao baadaye alikuwa na bendi yake kwenye chati za Uingereza: McCulloch na Echo & the Bunnymen, Wylie na Wah!, Cope na hii tunayoizungumzia. Mji mmoja, sebule moja, waimbaji watatu wa mbele. Haishangazi kwamba hawakuweza kukaa pamoja.

Je, wajua kwamba wimbo mmoja wa enzi hizo ulirekodiwa na bendi mbili hasimu? Cope na McCulloch waliutunga pamoja. The Teardrop Explodes waliuweka kwenye Kilimanjaro kwa jina la Books; Echo & the Bunnymen wakautoa kwa jina la Read It in Books. Ukiwa na muda, sikiliza matoleo yote mawili kwa mfuatano. Maneno na sauti ya msingi ni zilezile, ila moja limejaa kinanda na haraka, lingine ni la gitaa.

Je, wajua kwamba Echo & the Bunnymen walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza wakiwatangulia The Teardrop Explodes? Ilikuwa tarehe 15 Novemba 1978, kwenye klabu ya Eric's, Mathew Street. Mtaa huo ndio uliokuwa na Cavern, klabu ambamo The Beatles walipiga karibu mara 300. Eric's ilifunguliwa mwaka 1976, wakati Cavern ya asili ilikuwa imeshabomolewa. Ilifungwa Machi 1980, miezi michache tu kabla ya Kilimanjaro kutoka, kwa hiyo albamu ilipofika madukani chumba kilichoilea kilikuwa hakipo tena.

Je, wajua lebo iliyowatoa mwanzo? Zoo Records, lebo ndogo ya hapohapo Liverpool, iliyoanzishwa mwaka 1978 na Bill Drummond na David Balfe. Singo ya kwanza, Sleeping Gas, ilitoka Februari 1979. Zikafuata Bouncing Babies mwaka huohuo na Treason mwaka 1980. Zote tatu zilirudi tena kwenye albamu. Balfe hakubaki ofisini: aliingia bendini kama mpiga kinanda, na yeye na Drummond wakatayarisha sehemu kubwa ya Kilimanjaro wakijiita The Chameleons.

Drummond, kwa njia, alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1953, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Scotland, kisha akakulia Scotland. Mtakutana naye tena chini, akiwa na pesa nyingi na kiberiti.

Je, wajua kwamba albamu yenye jina la mlima wa Tanzania ilirekodiwa kwenye shamba la ng'ombe? Studio ya Rockfield iko karibu na mji wa Monmouth, Wales. Ndugu wawili, Kingsley na Charles Ward, waligeuza majengo ya shamba la wazazi wao kuwa studio katika miaka ya 1960, na wanamuziki wakawa wanalala palepale mpaka kazi iishe. Queen walirekodi hapo sehemu ya Bohemian Rhapsody mwaka 1975. Kukaa pamoja shambani usiku na mchana huwajenga wengine na huwavunja wengine, na Rockfield imeona yote mawili.

Kwa The Teardrop Explodes kulitokea mvunjiko. Je, wajua kwamba mpiga gitaa alibadilishwa kazi ikiwa katikati? Mick Finkler, aliyekuwamo tangu mwanzo, aliondolewa mwaka 1980, na Alan Gill, kutoka kundi la Dalek I Love You, akaingia. Ndiyo maana magitaa ya Kilimanjaro yana mikono miwili tofauti. Mpiga dramu, Gary Dwyer, ndiye pekee aliyebaki na Cope tangu siku ya kwanza hadi bendi ilipokufa.

Je, wajua kwamba kwenye Kilimanjaro hakukuwa na wimbo uitwao Kilimanjaro? Wimbo wa jina hilo uliwekwa upande wa pili wa singo ya When I Dream, iliyotoka Septemba 1980. Aliyenunua albamu peke yake alilipata jina akaukosa wimbo.

Sasa tuingie kwenye tarumbeta.

Je, wajua kwamba ukiinyoosha tarumbeta ya kawaida unapata bomba la karibu mita moja na nusu? Limekunjwa tu ili mtu aweze kulishika. Sauti haianzi kwenye bomba. Inaanza kwenye midomo ya mpulizaji, ambayo hutetemeka anapoibana na kupuliza, na bomba huchagua ni mitetemo ipi ipate nguvu. Pistoni tatu za juu huongeza urefu wa njia ya hewa: ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Kwa kuzichanganya unapata urefu wa aina saba, na zinazobaki zote mpulizaji huzitafuta kwa midomo. Hati ya kwanza ya kumiliki ugunduzi wa vali ilitolewa Prussia mwaka 1818. Kabla ya hapo tarumbeta ilikuwa bomba tupu, na mpigaji alibaki na noti chache za asili.

Saksofoni, ambayo wapenzi wa dansi wanaiita mdomo wa bata, imetengenezwa kwa shaba lakini haimo kwenye familia hii. Sauti yake huzaliwa kwenye ulimi wa mwanzi uliofungwa mdomoni mwake, kwa hiyo wenye fani huihesabu pamoja na klarineti. Kwenye bendi, hata hivyo, hukaa safu moja na tarumbeta na hakuna anayelalamika.

Je, wajua kwa nini tarumbeta husikika juu ya magitaa ya umeme bila kuongezewa sauti? Kwa sababu ikipulizwa kwa nguvu hubadilika rangi, si ukubwa tu. Noti ileile hupata sauti nyingi kali za juu ambazo hazikuwepo ilipopulizwa polepole, na masikio yetu ni mepesi sana kwa sauti hizo. Tena kengele yake huelekeza sauti mbele. Ukisimama Kinondoni Jumamosi, matarumbeta ya harusi utayasikia kabla hujaiona gari iliyoyabeba, na ndivyo yanavyofanya kwenye santuri hii: yanatangulia kufika.

Je, wajua waliopuliza kwenye Kilimanjaro ni akina nani? Kwenye orodha ya wanamuziki kuna majina mawili ya wapiga tarumbeta: Ray Martinez na Hurricane Smith. Jina la pili ndilo linalonifanya niipende albamu hii zaidi, na hapa naomba nikae kidogo.

Hurricane Smith si jina la kuzaliwa. Aliitwa Norman Smith, alizaliwa mwaka 1923 Edmonton, kaskazini mwa London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa glaida, zile ndege zisizo na injini, katika jeshi la anga la Uingereza. Vita vilipoisha alijaribu kuishi kwa kupiga jazi na hakufanikiwa. Mwaka 1959 aliomba kazi ya fundi mitambo mwanagenzi kwenye studio za EMI zilizopo Abbey Road. Tangazo lilitaka mtu asiyezidi miaka 28. Yeye alikuwa na zaidi ya 35. Akapunguza umri kwenye fomu, akapata kazi.

Je, wajua ni nani waliingia kwenye studio hiyo kufanyiwa majaribio Juni 1962? Vijana wanne wa Liverpool, na fundi mitambo wa siku hiyo alikuwa Norman Smith. Kuanzia hapo hadi mwisho wa 1965 alirekodi kila walichofanya The Beatles kwenye studio za EMI, karibu nyimbo 100, mpaka albamu ya Rubber Soul. John Lennon alimpachika jina la utani, Normal, kwa sababu mzee alikuwa mtulivu na hakuna kilichomtikisa. Sauti ya The Beatles ya miaka ile, ile ya kundi linalopiga pamoja chumba kimoja, maikrofoni zake alizipanga yeye.

Halafu akapandishwa cheo kuwa mtayarishaji. Je, wajua bendi aliyoitayarisha mwaka 1967? Pink Floyd, albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn. Kwa hiyo mtu huyu alikuwepo kwenye kuzaliwa kwa bendi mbili kubwa kuliko karibu zote zilizowahi kutoka Uingereza, na mara zote mbili alikuwa nyuma ya kioo.

Je, wajua kwamba aliibuka mwimbaji nyota akiwa na umri wa miaka 48? Alitunga wimbo, Don't Let It Die, akitumaini John Lennon angeurekodi. Akaimba mwenyewe toleo la majaribio ili watu wausikie ulivyo. Mtayarishaji mwenzake, Mickie Most, alipousikia akamwambia autoe hivyohivyo. Ukafika namba 2 Uingereza mwaka 1971. Mwaka uliofuata akatoa Oh, Babe, What Would You Say?, ukafika namba 4 kwao na namba 3 Marekani kwenye chati ya Billboard mwanzoni mwa 1973. Jina la Hurricane Smith alilitoa kwenye filamu ya mwaka 1952.

Basi fikiria mwaka 1980. Vijana wa Liverpool, wa mji uleule wa wale wanne, wanatengeneza albamu yao ya kwanza na wanataka tarumbeta. Anakuja Norman Smith, umri wake miaka 57, si kupanga maikrofoni wala kuwafundisha jinsi ya kurekodi. Anakuja kupuliza, ile kazi ambayo miaka thelathini na zaidi nyuma alitaka kuiishi ikamkatalia. Nimesoma historia nyingi za wanamuziki wa studio, na hakuna inayonigusa kuliko hii. Alifariki Machi 2008 akiwa na miaka 85, na kitabu cha maisha yake kina jina linalokumbusha lile la utani alilopewa na Lennon.

Je, wajua pa kuzisikia? Anzia wimbo wa kwanza kabisa, Ha Ha I'm Drowning. Besi ya Cope inakimbia, gitaa linakwaruza kwa ukavu, na tarumbeta haziimbi pamoja na mwimbaji bali zinamjibu. Hili wapenzi wa dansi wanalijua bila kufundishwa: mwimbaji akimaliza mstari, wapulizaji wanashika neno. Kwa Waingereza wa 1980 waliozoea magitaa matupu halikuwa jambo la kila siku. Cope anaimba kwa sauti kubwa, karibu na kupiga mayowe, na bila kitu cha kumjibu angesikika yuko peke yake. Tarumbeta zinampa mtu wa kuzungumza naye.

Wazo hilo lilikuwa na ukoo. Kundi la Love la Los Angeles, likiongozwa na Arthur Lee, lilitoa Forever Changes mwaka 1967, likichanganya magitaa ya kawaida na tarumbeta zenye ladha ya Meksiko. Albamu hiyo ilipendwa mno na vijana wa kizazi cha Eric's, wakati sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa imeshaisahau.

Je, wajua kwamba wimbo uliowapa umaarufu haukuwemo kwenye albamu ilipotoka? Reward ulitungwa na Cope pamoja na Alan Gill, ukatoka Januari 1981, ukafika namba 6. Ni chini ya dakika tatu. Besi na dramu zinaanza mbio, tarumbeta zinapiga tangazo lao ndani ya sekunde chache, na kuanzia hapo wimbo haupumui mpaka mwisho. Ukiondoa tarumbeta unabaki na wimbo wa besi, mzuri lakini wa klabuni. Mercury waliona watu wanautafuta, wakaitoa upya Kilimanjaro mwaka 1981 Reward ukiwa ndani. Treason nao ulitolewa tena kama singo, ukafika namba 18. Albamu yenyewe ilifika namba 24.

Je, wajua kwamba toleo hilo la pili lilibadilishwa kava? La kwanza lilikuwa na picha ya wanabendi wenyewe, na Cope hakuipenda. Mpya likawa picha ya pundamilia wakiwa mbele ya Mlima Kilimanjaro. Hakuna mwanamuziki hata mmoja anayeonekana. Kwa bendi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kujulikana sura huo ulikuwa ujasiri, na kwa maoni yangu walifanya vizuri: kava la pili ndilo watu wanalolikumbuka.

Na kwa kuwa mlima umetajwa: Kilimanjaro una vilele vitatu, Kibo, Mawenzi na Shira, na Kibo ndicho chenye mita 5,895. Wote uko Tanzania, ingawa picha nyingi maarufu zenye wanyama mbele na mlima nyuma hupigwa kutoka Amboseli, upande wa Kenya. Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha Mwenge kileleni Desemba 1961, Julian Cope alikuwa mtoto wa miaka minne. Kati ya 1912 na 2011 mlima ulipoteza takribani asilimia 85 ya barafu yake.

Je, wajua kwamba 1980 haukuwa mwaka wa The Teardrop Explodes peke yao kwa upande wa wapulizaji? Julai mwaka huo, Dexys Midnight Runners wa Birmingham walitoa albamu yao ya kwanza, Searching for the Young Soul Rebels, iliyofika namba 6. Wao walikuwa na tromboni moja na saksofoni mbili, na walipiga kwa nidhamu ya gwaride. Walipomaliza kurekodi walichukua kanda za albamu kutoka studio, wakakaa nazo mpaka EMI ilipokubali kuwaongezea malipo. Tofauti ya bendi hizi mbili husikika mara moja. Dexys waliwaweka wapulizaji katikati ya nyumba na kujenga kila kitu kuwazunguka. The Teardrop Explodes walikuwa na wimbo tayari, wakawafungulia wapulizaji dirisha.

Je, wajua kwamba Uingereza ina utamaduni mkubwa wa bendi za ala za shaba ambamo tarumbeta haimo kabisa? Ni bendi za migodi na viwanda. Grimethorpe, ya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Yorkshire, ilianzishwa 1917, na iliendelea kupiga hata baada ya mgodi wake kufungwa mwaka 1993. Black Dyke, ya kiwanda cha sufu, ni ya 1855. Badala ya tarumbeta hutumia korneti, ndugu yake mfupi wa umbo mwenye sauti ya mviringo zaidi. Mwaka 1968 Paul McCartney aliwatungia Black Dyke wimbo na kusimamia kuurekodi. Katika nchi hiyo vijana wengi wamejifunza kupuliza kwenye bendi za namna hiyo.

Je, wajua waliotayarisha Reward? Clive Langer na Alan Winstanley. Langer alikuwa mpiga gitaa wa Deaf School, bendi ya Liverpool ya miaka ya 1970, kwa hiyo alikuwa mtu wa nyumbani. Wawili hawa walikuwa wameshatayarisha albamu ya kwanza ya Madness mwaka 1979, na mwaka 1982 wakatayarisha Come On Eileen ya Dexys. Mwaka 1983 wakafanya Punch the Clock ya Elvis Costello. Ndani yake umo Shipbuilding, wimbo ambao Langer aliutunga na Costello, na tarumbeta ya humo ni ya Chet Baker, gwiji wa jazi kutoka Marekani. Hapo tarumbeta haitangazi kitu. Inapulizwa kwa chini sana, karibu na pumzi tupu, juu ya maneno kuhusu vita na ajira. Sikiliza Reward na Shipbuilding siku moja uone ala ileile, mikononi mwa watayarishaji walewale, inavyoweza kufika mbali.

Je, wajua wimbo mrefu kuliko wote kwenye Kilimanjaro? When I Dream, wa mwisho, zaidi ya dakika saba kwenye toleo la Uingereza. Ni wimbo unaozunguka palepale kwa makusudi, na wapo wanaoona umezidi. Mimi naupenda hivyo ulivyo.

Bendi haikudumu. Albamu ya pili, Wilder, ilitoka Novemba 1981, na mwishoni mwa 1982 walikuwa wameshavunjika. Ugomvi, dawa za kulevya na uchovu vilichangia, na Cope amelieleza hilo waziwazi kwenye kitabu chake Head-On cha mwaka 1994.

Je, wajua walikwenda wapi baadaye? David Balfe alianzisha lebo ya Food, iliyowasajili Blur. Alipoiuza na kuhamia kwenye jumba la mashambani, Blur wakatunga wimbo juu yake, Country House, ulioshika namba 1 Agosti 1995 kwa kuwashinda Oasis wiki ileile.

Bill Drummond, yeye na mwenzake Jimmy Cauty, waliunda The KLF, wakauza santuri nyingi mno, kisha usiku wa tarehe 23 Agosti 1994 wakachoma pauni milioni moja, noti halali, kwenye kisiwa cha Jura, Scotland.

Na Julian Cope? Aligeukia mawe ya kale. Mwaka 1998 alichapisha The Modern Antiquarian, kitabu kinene cha utafiti juu ya maeneo zaidi ya 300 ya kale ya Uingereza, yenye duara za mawe na makaburi ya kabla ya historia kuandikwa. Aliyatembelea mwenyewe kwa miaka kadhaa. Muziki hakuuacha.

Je, wajua albamu hii inapatikana wapi leo? Mwaka 2010, kwa kutimiza miaka thelathini, ilitolewa upya ikiwa na diski tatu, zikiwemo rekodi za ziada. Ukiitafuta kwa mara ya kwanza, angalia kwanza mpangilio wa nyimbo. Ukiukuta Reward katikati ya nyingine, hilo ndilo toleo la 1981. Sikiliza mara moja ukiuruka, uisikie albamu walivyoikusudia shambani Rockfield, tarumbeta zikiingia pale tu zinapohitajika. Kisha uurudishe, na upandishe sauti.